Siku moja maishani mwangu: nafungua trekta lililoungua

Saa 12 na nusu asubuhi

Nimeingia mapema yadi, tunapofungua matrekta mabovu na kuuza vipuri, kabla jua halijakaza, kuna trekta limeshushwa jana jioni, limeungulia shambani kwenye mavuno. Chanzo chake ni kilekile cha kila kiangazi, makapi makavu yanajazana karibu na egzosi na tabo (tabochaja), joto likizidi yanashika, moto ukifika kwenye mpira wa dizeli bas hakuna tena wa kuuzuia. Ukilitazama kwa mbali unasema hili ni la kupima kilo tu: kebini hakuna, matairi ya mbele yamebaki waya, boneti imejikunja. Watu wengi wanaishia hapohapo na mimi inaniuma kweli, maana humo ndani kuna giaboksi na difu ambazo mkulima mwingine anazitafuta usiku na mchana.

Kabla ya kugusa chochote, glovu nzito, miwani na barakoa. Hii narudia kila siku kwa kijana ninayemfundisha. Kuna sili na o-ringi zinatengenezwa kwa mpira wa Viton, zikipita joto la kama nyuzi 315 zinavunjika na kutoa asidi ya floridi, na ule mpira uliogeuka kuwa uji mweusi unaonata unaweza kubaki na asidi hiyo, ikigusa ngozi inazama mpaka kwenye mfupa na mwanzoni unaweza usisikie maumivu. Kwahiyo ukiona uji mweusi penye sili hapashikwi kwa mkono mtupu, hata kama moto ulizimwa zamani. Pia sipulizii hewa ya kompresa kwenye klachi na breki za trekta la zamani, zile bitana zake za kusuguana zinaweza kuwa na asbesto. Na silinda ya haidroliki au akyumuleta (chupa ya chuma yenye gesi ya presha) ambayo sijaitoa presha siikaribii na grainda wala gesi ya kukatia.

Saa 2

Sasa hapa ndo kazi yenyewe, kusoma moto ulipita wapi. Trekta haliungui sawasawa, upande mmoja unaweza kuyeyuka na mwingine rangi ikabaki inang'aa, kwahiyo nazunguka na chaki naandika joto kwenye kila sehemu kwa kuangalia kilichoyeyuka na kilichobaki. Lehemu ya risasi na bati inaachia kwenye nyuzi 183, risasi yenyewe ya betri 327, alumini 660 na zile aloi za kusubu chini kidogo ya hapo, shaba 1085. Nikikuta bodi ya pampu ya alumini imekuwa dimbwi pale chini najua hapo palipita 570 na kuendelea, na chochote cha chuma kigumu kilichokaa jirani yake nakiandika X, yaani skrepa, bila kubishana. Upande wa nyuma wa hili trekta plastiki ya taa imelegea tu haijadondoka. Moyo ukafurahi.

Kinachowachanganya watu ni kudhani chuma ambacho hakijayeyuka kiko salama. Hapana jamani. Gia na beringi zinapewa ugumu wake kiwandani afu zinapashwa tena kwa nyuzi kama 150 mpaka 200 hivi zisiwe za kuvunjika kirahisi, ukizipasha zaidi ya hapo ule ugumu unaanza kutoka taratibu na kwa macho huoni kitu chochote, umbo lilelile, saizi ileile. Kwenye chuma kisafi rangi inakusaidia: njano ya majani makavu ni kama 220, bluu ni kama 300. Beringi yenye bluu ni skrepa, hata ikizunguka laini kama mpya.

Saa 4

Nimefungua plagi ya chini ya difu na oili imetoka ya kawaida, rangi yake, harufu yake, haina masizi wala harufu ya kuungua. Hiyo ni habari njema sana, kasha la chuma lililojaa oili linachukua muda mrefu kupanda joto na moto wa shambani mara nyingi unaisha kabla haujafika ndani. Ila siishii kwenye oili, natoa oil sili naikunja kwa vidole (glovu ziko mkononi). Zile nyeusi za kawaida, za naitraili, hazitaki kukaa sana juu ya nyuzi 120, kwahiyo kama mdomo wake bado ni laini na unarudi ukiubonyeza, basi beringi iliyo nyuma yake haikufika kwenye joto la kuharibika. Sili ndo shahidi wangu namba moja kuliko hata maneno ya aliyeniuzia trekta. Hizi za nyuma zote mbili laini kabisa. Ya mbele kwenye klachi imekauka na inakatika kama biskuti, hiyo beringi na ile shafti nimeziweka pembeni.

Mchana

Injini. Hapa sitarajii mengi, pampu ya dizeli imekwenda, waya zote zimekwenda, springi za valvu sizirudishi kwenye injini ya mtu hata zikionekana nzima. Nachotaka ni bloku. Chuma cha kusubu chenyewe kinavumilia moto, kinachokiua ni maji ya kuzimia yakimwagwa kikiwa kimeiva, kinapasuka. Kwahiyo napaka mafuta ya taa, naacha yapenye, nafuta pakauke kabisa afu napaka chaki ya unga, mafuta yaliyoingia kwenye ufa yanarudi juu yanachora mstari. Leo mstari umetokea pembeni ya silinda ya mwisho, mfupi lakini upo. Bloku imekwenda. Hedi nimeiwekea rula ya chuma na fila (vibamba vyembamba vya kupima uwazi), imepinda katikati, nayo imekwenda.

Saa 9

Amekuja mzee mmoja anataka ile fremu ya kumkinga dereva trekta likipinduka, anasema imenyooka, ataipaka rangi tu. Shikamoo nimempa, fremu nimemnyima. Ile imeundwa ijikunje kwa kipimo fulani mtu akiwa chini yake, ikishapikwa na moto hakuna gereji inayoweza kujua itashika au itaachia, na kuichomelea au kuinyoosha haitakiwi pia. Nimeikata vipande mbele yake ili isije ikatoka kwa mlango mwingine. Hakukasirika, kaondoka na uzito wa mbele, vile vyuma vizito ambavyo moto hauna cha kuviharibia.

Bolti nazo hazirudi, zile zenye 8.8 na 10.9 kichwani nguvu yake ni ya kupikwa kiwandani na moto wa pili unaiondoa. Mpya ni nafuu kuliko gurudumu kuchomoka barabarani.

Saa 11 jioni

Kuosha, na hili haliahirishwi mpaka kesho. Moshi wa ganda la nyaya za PVC unaacha asidi ya kloridi juu ya vyuma, poda ya kuzimia moto nayo inakula ikipata unyevu, ukiacha siku chache tu shafti iliyokuwa safi inaota kutu ya vishimo. Maji ya sabuni, kukausha, oili nyepesi, afu lebo: sehemu gani, imetoka kwenye trekta lililoungua, sili ilikuwaje, oili ilikuwaje. Neno "lililoungua" naliandika kubwa.

Mkulima kapiga simu anaitaka difu, kauliza kwa nini bei yake iko chini, nimemweleza yote kama ilivyo. Kasema atakuja na fundi wake afungue kifuniko mwenyewe. Safi sana, nimemwambia waje na tupa mpya, waijaribu kwenye ncha ya jino la gia, sio pale meno yanapokutana: ikiteleza gia bado ngumu, ikiuma wasinunue.