Feri, Posta na Kariakoo kwa shilingi elfu kumi

Julai 2017 niliitwa kwenye usaili Posta, Dar es Salaam. Basi la kutoka Njombe lilinishusha Ubungo giza likiwa limeshaingia, nikafikia kwa mama mdogo Kimara. Usaili ulikuwa Alhamisi, kwa hiyo Jumatano yote ilikuwa yangu. Nilitenga shilingi 10,000 za kuzunguka peke yangu. Nauli ya kurudi Njombe ilibaki kwa mama mdogo, mbali na mfuko wangu.

Asubuhi, baada ya shikamoo na chai, mama mdogo aliniambia, "Mwanangu, Dar haikumalizi kwa nauli. Inakumaliza usipojua unashuka wapi, maana hapo ndipo utaita bodaboda." Nikachukua karatasi, akanitajia vituo nikaandika kwa mpangilio: Kimara Mwisho, Fire, Kivukoni, Posta ya Zamani, Mnara wa Saa, Mnazi Mmoja, Gerezani. Karatasi hiyo ilikuwa na kazi kuliko ramani ya simu, kwa sababu konda na wapita njia wanakuelekeza kwa majina ya vituo. Ukimtajia mtu wa Dar jina la barabara, mara nyingi atakuuliza, "Ni karibu na kituo gani?"

Noti ya elfu kumi ilivunjwa kwa mangi wa dukani kabla sijatoka: noti za elfu moja, na sarafu za 500, 200, 100 na 50. Jambo hili ni dogo lakini linaamua mengi. Nauli ya mabasi ya mwendokasi wakati huo ilikuwa 650, ya kivuko 200, ya daladala kwa njia fupi 400, choo cha kulipia 200, kikombe cha kahawa 100. Kila mahali anayetoa hela kamili anapita, na mwenye noti kubwa anasimama pembeni kusubiri chenji. Pia ukifungua pochi nene ili utafute mia mbili, umeshawaonyesha watu ulichonacho. Mimi niliweka sarafu mfuko wa mbele wa suruali, noti chache mfuko wa shati wenye kifungo, na kitambulisho cha mpigakura ndani ya soksi. Anayetegemea hela ya kwenye simu atoe mara moja tu, kiasi cha siku nzima, kwani makato huhesabiwa kila unapotoa na mtu anayetoa elfu mbilimbili hulipa makato mengi bure.

Niliondoka saa tatu kasoro. Kuanzia alfajiri hadi kama saa mbili na nusu, Kimara nzima inakwenda mjini, na kituoni foleni inazunguka. Saa tatu mabasi yanapumua na unapata kiti. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kubeba abiria Mei 2016, yana njia yao katikati ya Barabara ya Morogoro, na hapo ndipo thamani ya 650 ilipo: daladala ingeniacha kwenye foleni ya magari Ubungo na Magomeni. Kabla ya kupanda soma bango la mbele. Basi linaweza kuwa la Kivukoni, la Gerezani au la Morocco, na kuna yanayoruka vituo vya katikati. La Morocco linakata kushoto Magomeni. Ya Kivukoni na Gerezani yanaachana Fire. Ukigundua umepanda la Gerezani nawe unataka Kivukoni, shuka Fire, usitoke nje ya mageti, subiri la Kivukoni palepale kwa nauli uliyokwisha kulipa. Ukitoka nje ya geti, unalipa upya.

Kabla ya Fire basi linavuka Jangwani, kwenye bonde la mto Msimbazi. Julai kulikuwa kukavu, vijana wanacheza mpira. Wakati wa masika mto hujaa, barabara hufungwa na mwendokasi hausogei, kwa hiyo mwenye hela ya kuhesabu asipange safari ya aina hii kati ya Machi na Mei bila kuacha nafasi ya kubadili njia.

Kivukoni ni kituo cha mwisho, na soko la samaki la Feri liko hatua chache mbele. Mnada wenyewe ni wa asubuhi na mapema. Nilipofika, samaki wakubwa walikuwa wameshauzwa, na kazi iliyobaki ilikuwa ya kupaa na kukaanga. Vijana wa kupaa wanakaa juu ya meza za saruji, kisu kinatoka mkiani kwenda kichwani, magamba yanaruka kama punje za mchele, halafu samaki anapasuliwa tumbo, anaoshwa na kurudishwa kwa mwenyewe. Mbele zaidi kuna majiko ya kuni na makarai mapana yenye mafuta, ambako aliyenunua samaki wake anaweza kulipia akakaangiwa. Nilinunua vipande vya pweza vya shilingi 500. Pweza anakuwa ameshachemshwa mzima, muuzaji anakatakata mkono mmoja kwenye ubao, unachoma kipande kwa njiti na kuchovya kwenye bakuli la pilipili. Supu yake inauzwa kwa kikombe. Ukitaka pweza laini omba sehemu nene ya juu ya mkono, kwa sababu ncha hukauka na kuwa ngumu zinapokaa juani.

Feri viatu ni muhimu kuliko nguo. Sakafu ina maji ya samaki kila mahali, ndala zinateleza, na viatu vya kitambaa vinanuka siku nzima. Nilivaa makubazi ya mpira yenye mkanda nyuma, nikayaosha kwa maji ya bomba kabla ya kuondoka.

Kutoka sokoni nilikwenda kwenye kivuko cha Kigamboni. Miaka ya nyuma nauli ya mtu mzima ilikuwa 100. Ilipandishwa kuwa 200 mwaka 2012, watu wakalalamika sana, lakini bado sijui matembezi ya baharini ya bei hiyo mahali pengine mjini. Wakati huo ulikata tiketi dirishani. Unaingia banda la kusubiria, na geti linafunguliwa kivuko kikishatia nanga na abiria wa upande wa pili kushuka. Hapo watu wanasukumana wote kwa pamoja. Simama ukutani kushoto au kulia, usikae katikati, na begi liwe kifuani. Kisha panda ngazi uende juu, kwenye upepo, maana chini unabanana na magari, pikipiki na matenga ya samaki. Kuvuka ni dakika chache. Upande wa kulia unaona meli za bandarini, nyuma yako majengo marefu ya Posta, na kushoto mlango wa bahari wenyewe, mwembamba kuliko nilivyodhani kwa bandari kubwa hivyo. Daraja la Nyerere lililofunguliwa Aprili 2016 halimsaidii anayetembea kwa miguu Posta, kwani liko mbali, Kurasini.

Upande wa Kigamboni sikupanda chochote. Nilikunywa dafu la shilingi 1,000, nikakaa kidogo kutazama mji kutoka ng'ambo, nikakata tiketi nyingine ya 200 na kurudi. Ukianza kutafuta fukwe za Mjimwema unahitaji daladala au bajaji, na hesabu ya siku inabadilika.

Simu niliiacha mfukoni kuanzia kivukoni hadi nilipopita eneo la Ikulu, lililo jirani. Usipige picha Ikulu, bandarini wala penye askari. Askari akikusimamisha, muda utakaopoteza kujieleza ni mwingi kuliko thamani ya picha hiyo.

Sehemu ya mjini niliitembea yote kwa miguu, na ninasisitiza iwe hivyo. Kuanzia Kivukoni hadi Kariakoo hakuna hatua inayostahili bodaboda. Niliingia Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na bustani ya mimea. Kitambulisho cha mpigakura kilitosha nilipe kiingilio cha raia, ambacho ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni. Bila kitambulisho mlangoni unaanza kubishana. Jengo la zamani lilifunguliwa 1940. Humo kuna simulizi ya fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, na kuna Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya mkoloni kisha na Mwalimu Nyerere. Nenda saa sita hadi saa nane, jua likiwa kali: unapata kivuli, kiti, choo safi na mambo ya kusoma.

Kurudi upande wa bahari nilipita kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililokamilika 1902, na la Mtakatifu Yosefu, lililoanza kujengwa 1897. Pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Sokoine kuna Boma la Kale, la mawe ya matumbawe, la enzi za Sultani Majid miaka ya 1860. Yote matatu unayatazama nje bila kulipa. Juu kidogo, Mtaa wa Samora, katikati ya mzunguko, ndipo ilipo Sanamu ya Askari ya 1927. Singe ya bunduki yake imeelekea bandarini. Kwa mgeni hiyo ni dira: ukipotea katikati ya maghorofa, rudi kwenye sanamu, fuata singe, utatokea baharini.

Jambo linalowapoteza wageni wengi hapo ni vituo viwili vya Posta. Posta Mpya iko Mtaa wa Azikiwe, Posta ya Zamani iko Sokoine, upande wa bahari. Ukimwambia mtu "tukutane Posta" bila kuongeza neno la pili, kila mmoja atasubiri kwake. Jengo la usaili wangu lilikuwa karibu na Posta ya Zamani. Nililitafuta siku hiyohiyo, nikapanda hadi mapokezi, nikaulizia lifti na ghorofa, nikahesabu dakika kutoka kituoni hadi mlangoni.

Nilikula kwa mama ntilie, uchochoroni nyuma ya maofisi: wali maharage na mchicha, shilingi 1,500. Mama ntilie wa kuchagua ni yule ambaye makarani na mafundi wanapanga mstari kwake saa saba, kwa sababu chungu chake hakilali. Ukifika saa tisa, wali umebaki wa chini na bei ni ileile.

Kutoka Samora hadi Mnara wa Saa, uliojengwa 1961 Dar ilipopewa hadhi ya jiji, halafu Mnazi Mmoja hadi Kariakoo, ni mwendo wa nusu saa na ushee ukisimama kutazama. Kariakoo mitaa imenyooka na kukatana kwa pembe, kwa hiyo ni rahisi kujua ulipo ukishika barabara mbili: Msimbazi na Uhuru. Soko Kuu la mwaka 1975, alilolisanifu Beda Amuli, lina paa lenye miavuli ya zege inayokusanya maji ya mvua, na chini yake kulikuwa na shimoni kwa wauzaji wa jumla. Nilikaa pale muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, nikiangalia mapaa yale kutoka chini. Mhandisi anayesoma leo aende akayatazame kwa macho yake.

Mtaa wa Kongo ndio wa kuwa macho. Nguo zimepangwa hadi katikati ya njia na watu wanapita bega kwa bega, na vibaka wanategemea msongamano huo. Kijana alinifuata na simu nzuri mkononi, "Kaka, nina shida, chukua kwa elfu thelathini." Simu anayokuonyesha huwa nzima. Inayofungwa kwenye karatasi ukishakubali bei ni kipande cha sabuni. Usisimame, usiishike, usibishane bei.

Jioni kosa la bei kubwa ni kutaka kuondoka saa kumi na moja. Kwenye kituo cha daladala za Mbagala nilishuhudia watu wakiingia daladala kupitia madirishani. Wengine hupanda vituo kadhaa nyuma na kulipa nauli ya ziada ili wageuze na gari na kubaki kwenye kiti. Kwa mwendokasi nenda kituo cha kuanzia. Ukiwa Kariakoo, tembea hadi Gerezani, usisubiri Msimbazi Polisi, ambako basi linafika limejaa. Mimi nilisubiri kwa kahawa mbili na kashata hadi saa moja na nusu, nikapanda Gerezani nimekaa.

Anayekuja sasa abadilishe mambo mawili. Mabasi ya mikoani yanashushia Mbezi Luis, kwenye stendi ya Magufuli iliyoanza kutumika 2021, hivyo kuna kipande cha ziada cha kufika Kimara. Na nauli za mwendokasi na daladala nilizotaja zimepanda. Soma nauli iliyobandikwa mlangoni mwa daladala kabla ya kumpa konda hela.