Mjukuu wa nduna kwa siku tatu

Mi nikisikia mtu anasema "sisi kwetu tulikua wa kichifu" huwa nacheka kimoyomoyo, maana na mimi nimewahi kuwa wa kichifu, wa ukoo wa nduna kabisa, yani chifu wa vita wa Wangoni, siku tatu kamili, kuanzia jumanne mchana mpaka ijumaa kipindi cha tatu.

Ilikua mwisho wa mwezi wa kumi 2023, niko fom thrii, shule moja ya kata wilaya ya Ilala. Fom tuu wako kwenye mtihani wao wa taifa kwaiyo sisi tukasukumiwa madarasa ya nyuma karibu na vyoo, tukaambiwa atakaepiga kelele atajua hajui, wakati mvua za elinino ndo zimeanza na bati lenyewe linapiga kelele kuliko sisi wote. Nyumbani ni Gongo la Mboto na barabara ya Nyerere yote imechimbuliwa kwa ajili ya mwendokasi, unaamka saa kumi unatoka saa kumi na moja na bado unafika geti limefungwa, konda kasimama mlangoni anakuambia wanafunzi wawili tu, wawili tu, utadhani ile mia mbili yako ina upele. Hii sio stori ya daladala lakini wiki ile nikiikumbuka vinakuja kwanza viatu vyenye tope ndo vingine vinafuata.

Sasa jumanne ticha wa histori akaingia na gazeti badala ya kitabu. Akasema rais wa Ujerumani, Steinmeier, yuko hapa hapa Dar, leo yuko Ikulu na mama Samia, kesho anaenda Songea. Akauliza, mgeni mkubwa kama huyo kwanini aende Songea asiende kuangalia tembo kama wenzake? Darasa kimya, afu mtu mmoja akasema Majimaji na wote tukaitikia eeeh. Maana Majimaji, ile vita ya mababu na Wajerumani, tulikua tunaijua bwana, tena kwa kiingereza, sababu nane, matokeo nane, sababu za kushindwa nane, silaha duni, umoja haupo, imani ya maji, mi nilikua naweza kuzimwaga zote huku nasuka nywele. Ila uniambie nikuhadithie ile vita kwa kiswahili tu kama mtu anavyohadithia jambo lililompata jirani yake, hapo ningekodoa macho.

Ticha akauliza, humu nani mtu wa Songea?

Nyuma yangu alikua anakaa jamaa mmoja Mhehe, darasa zima tulikua tunamwita Mtani. Mhehe wa Ukonga lakini, Iringa hajawahi kufika hata kwa basi la kupitiliza. Tangu fom wani aliposikia mi Mngoni akatangaza kwamba mimi mtani wake na tokea hapo amani ikaisha, ananiita mla panya, mi namwita mla mbwa, na kila brek akinikuta nimenunua mihogo anachukua vipande viwili vikubwa anachovya kwenye pilipili yangu anasema mtani haibi, anachukua. Ndo hivyo, babu zetu walipigana huko miaka ya 1870 na 1880 mpaka wakachoka wakaamua kutaniana, mihogo inaliwa ya kwangu.

Kwaiyo ticha alipouliza, Mtani akapaza sauti, "Huyu hapa! Mla panya wa Songea huyu hapa madam!" Darasa likaangua kicheko. Nikasimama. Ticha akaniuliza, kwa upole tu, wazee wenu walihusika na ile vita?

Sijui nini kilinipata. Yani mdomo ulifunguka wenyewe. Nikasema ndio madam, babu yake babu yangu alikua nduna, ni mmoja wa wale waliyonyongwa na Wajerumani. Wale 67, tarehe 27 mwezi wa pili 1906. Tarehe niliijua kwa sababu ilikua kwenye noti za histori.

Kicheko kikakatika kama umeme. Ticha akavua miwani. Akasema ijumaa utakuja mbele utupe dakika tano, muulize baba, uliza wazee, tunataka historia ambayo haipo kwenye kitabu. Nikageuka nikamwona Mtani ananiangalia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue hana neno.

Niseme ukweli, sikujiona nimedanganya sana. Mtoto wa Dar kabila lake ni jibu la swali, unaulizwa we kabila gani unajibu, imeisha hiyo. Mama ni Mzaramo wa Kisarawe, wajomba wako jirani, kila shughuli tuko nao, upande wa mama naujua mpaka mashangazi wanaonuniana. Upande wa baba ni simu za misiba na gunia la maharage mara moja kwa mwaka. Baba alishasema sisi Wangoni, watu wa Songea. Bas nikachukua hapo hapo nikaongeza chumvi.

Bahati, au bahati mbaya, babu mwenyewe alikua kwetu. Alikuja kutolewa mtoto wa jicho, jicho moja limeshafanyiwa liko na plasta, la pili linasubiri, anashinda barazani na redio yake ndogo aliyoifunga mpira wa tyubu ya baiskeli, na mimi ananiita mke wangu kama mababu wote wanavyoita wajukuu. "Mke wangu, chai hii imepikwa au imeoshewa sufuria?" Ndo maneno yake hayo.

Jumatano usiku tukajipanga sebuleni kusubiri taarifa ya habari ya saa mbili, baba nae kawahi kurudi. Kipindi kile mgao ulikua umekolea. Zimebaki dakika chache, pwaa, giza mtaa mzima, watoto wa jirani wakapiga yowe. Babu kule barazani akacheka, akasema njooni huku, yangu haina luku.

Tukakaa gizani tunasikiliza. Kwamba rais wa Ujerumani amefika makumbusho ya Majimaji, amekutana na familia ya nduna Songea Mbano, yule ambaye mji umechukua jina lake, kwamba amesema anaona aibu kwa yaliyofanywa na anaomba msamaha. Na kwamba watasaidia kutafuta fuvu la nduna Songea, maana alivyonyongwa inasemekana kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, ila hawezi kuahidi kwamba kitapatikana.

Baba akasema si haba, kaomba msamaha mbele ya watu. Babu kanyamaza. Afu akauliza, "Kwaiyo kichwa hawajui walikiweka wapi?"

"Ndo wanatafuta babu."

"Miaka mia na kumi na saba." Akazima redio kubania betri.

Nikaona hapa hapa. Nikamwambia babu, na kwetu sisi, yule aliyenyongwa alikua anaitwa nani?

"Kwetu nani?"

"Si kuna babu yetu alikua nduna."

Babu akageuza shingo anitafute kwa lile jicho lisilo na plasta. "Nduna? Mke wangu, nani kakwambia sisi ni Wangoni?"

Nikamwangalia baba, baba akaanza kukohoa.

"Sisi Wandendeule," babu akasema. "Watu wa Namtumbo. Wangoni walitukuta pale tunalima. Walitoka huko kusini wanakimbia vita za Shaka Zulu, wametembea mpaka wamezeeka njiani wakazaa wengine, wamefika na ngao zao, wakatupiga. Waliyotekwa wakafundishwa vita, wakavaa kama wao, watoto wao wakajiita Wangoni. Hao Wangoni unaowaona leo, wengi wao ukiwachimba chini ni watu waliyokutwa."

"Sasa kwanini baba anasema sisi Wangoni?"

"Mvivu wa kueleza. Ukisema Mndendeule mjini mtu anakuuliza hiyo iko Msumbiji? Unamwelekeza, anasahau, kesho anauliza tena. Unachoka. Unasema Mngoni, yanaisha. Hata mimi nilivyokua Tanga kwenye mkonge nilikua Mngoni, na bibi yako nimemuoa kwa Ungoni huo huo." Akacheka peke yake.

Mi sikucheka. Nilikua na ijumaa yangu kichwani. Nikauliza, lakini kwenye Majimaji si tulikuwepo? Akasema tulikuwepo, porini. Akaanza kuhadithia taratibu sana, bibi yake yeye alikua mtoto wa miaka sita saba wakati ule, na yeye babu kayasikia kwa mdomo wa huyo bibi sio kwa mtu mwingine. Kwamba kilichoua watu sana sio bunduki. Vita imeshaelekea kuisha Wajerumani wakachoma mashamba, wakachoma maghala, chakula chote, makusudi, watu wafe njaa, na watu wakafa. Hapo nilikua naijua, ni matokeo namba tatu, kitabu kinasema wanakadiriwa mpaka laki tatu. Ila kitabu hakisemi kwamba mama yake huyo bibi alikua na watoto wawili na akatoka porini na mmoja. Hakisemi kwamba mchana walikua wanachimba mizizi mingine ya sumu mpaka uiloweke siku kadhaa, na mtoto mwenye njaa utamwambiaje asubiri siku kadhaa. Usiku huyo mama alikua anatega panya.

"Panya?" nikauliza.

"Panya wa porini. Ndo waliyomfikisha bibi yangu. Bila panya, mke wangu, hii chai mbovu ningeipata wapi."

Mpaka leo sijajua kama ile panya ni kweli au baba alishamwambia jinsi ninavyotaniwa shuleni akaamua kunichokoza. Babu ana tabia hizo. Ila alivyokua anaongelea yule mtoto mwingine, aliyebaki porini, sauti haikua ya utani na alimtaja mpaka jina.

Usiku nililala vibaya, na sio kwa uchungu wa historia, ni kwamba nilikua nataka nduna wangu. Unaelewa? Nilishaanza kumzoea. Nikapiga hesabu, nani ataenda Namtumbo kuhakikisha? Hamna. Ijumaa nasema tu aliyenyongwa, napigiwa makofi, maisha yanaendelea.

Aliyeniharibia ni Mtani. Alhamisi brek kaja na mihogo, kanunua yeye, kaweka mbele yangu. Nikajua kuna tatizo. Akakaa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Sisi cha kwetu kilirudi." Nini? "Kichwa cha Mkwawa, chifu wetu Wahehe. Kilirudishwa 1954, kiko Kalenga, Iringa. Baba alisema siku moja atanipeleka nikakione." Afu akasema, "Chenu nacho kitarudi bana," akaondoka bila kunitania hata neno moja. Nikaiangalia ile mihogo ikanikaa kooni. Mtu ananipa pole ya msiba wa mtu mwingine.

Ijumaa kipindi cha tatu mvua inapiga, ticha kakaa na daftari lake kabisa tayari kuandika. Nikasimama mbele nikasema nilidanganya, hatuna nduna, sisi hata Wangoni sio, sisi Wandendeule. Kuna mtu akauliza hiyo ni timu ya wapi. Wakacheka, nikasubiri wamalize, nikahadithia ya mama wa porini, vibaya vibaya, nimeruka sehemu nimerudia sehemu, ya panya nikataka kuiacha afu nikaisema. Nilitegemea hapo ndo patachimbika. Kuna waliyoguna tu. Ticha akaniambia kwa kumdanganya nitafagia darasa wiki nzima, na kweli nilifagia, afu akanipa chaki akasema hilo jina la kabila liandike ubaoni vizuri, hata yeye mwenyewe alikua halijui.

Nilivyorudi kukaa, Mtani akaniinamia sikioni. "Kwaiyo we sio mtani wangu?"

"Naona sio."

"Na mihogo yangu ya jana?"

Nyumbani nikampelekea babu kesi yenyewe. Akauliza, huyo kijana mihogo yako ameila kwa muda gani? Tangu fom wani babu. Kwa haki ya utani? Eeh. Na leo anasema utani haupo? Eeh. "Bas kaiba," babu akasema. "Mwambie apige hesabu."

Jumatatu brek nikamkuta Mtani kwenye foleni nikamwambia, babu anasema kama hamna utani bas ile ya miaka mitatu yote uliiba, tunaomba hela. Akasimama. Naona anahesabu kweli, siku tano kwa wiki, vipande viwili viwili, macho yanaangalia juu kwenye mwembe.

"Wewe ni Mngoni," akasema, akachukua kipande kikubwa.