Hondohondo na msizi wa Amani
Huu ni mwezi wa tatu wa utafiti wangu wa baada ya uzamivu katika msitu wa Amani, Usambara Mashariki, na kazi yenyewe ni kukaa chini ya mti tangu alfajiri nikihesabu mbegu zinazodondokea chandarua. Jana hondohondo walitua kwa kishindo cha mabawa, wakameza matunda meusi ya msizi, mti ulioletwa hapa enzi za ukoloni, kisha wakayabeba tumboni hadi ndani ya msitu wa asili, ambako niliokota kokwa safi, bado bichi kwa unyevu. Ndege huyohuyo anayetupandia miti ya asili ndiye anayemsambaza mgeni huyu, hasa penye mapengo ya mwanga. Hata hivyo, kumlaumu siwezi.