Redio Iliyozoea Kunong'ona

Habari ya kifo cha Mwalimu Nyerere ilitufikia Walukuba, mjini Jinja, Uganda, kupitia redio ya muuza chapati, Alhamisi ya tarehe 14 Oktoba 1999. Kesho yake asubuhi Babu akaja kibandani kwetu pa kutengenezea redio. Nyuma yake kijana wa bodaboda alikuwa anakokota baiskeli, na kwenye kiti cha abiria imefungwa kwa mpira wa tairi redio ya mbao ukubwa wa sanduku la shule, imefunikwa kanga kama maiti.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Ameenda Iganga, kafiwa na shemeji. Anarudi Jumatatu."

Babu akaitazama redio, akanitazama mimi. Nilikuwa na miaka 17, nimemaliza sinia ya nne, yaani kidato cha nne, karo ya kuendelea hakuna, na nilikuwa na miezi saba tu ya kushika pasi ya kuchomelea. "Sijui watamzika lini," akasema, "ila siku hiyo nataka nisikie. Hii ikiwaka inasema vizuri dakika ishirini, halafu kimya. Ukiizima ikapoa, inasema tena."

Ningemwambia amsubiri Fundi. Nikamwambia, "Iache, Babu, nitaiangalia."

Walukuba, kwa asiyeijua Jinja, ni mtaa wa nyumba za wafanyakazi zilizojengwa enzi za mkoloni, mji ulipokuwa unaota viwanda. Msoga, Mjaluo, Mnubi, Mlugbara, Mganda, wote ukuta kwa ukuta, na kilichowaunganisha ni Kiswahili cha kibandani na cha foleni ya maji. Babu alizaliwa upande wa Musoma. Alivuka ziwa kwa meli akiwa kijana kuja kubeba zege kwenye bwawa la Owen Falls. Bwawa likafunguliwa mwaka 1954, wenzake wakarudi kwao, yeye akaoa akabaki. Redio aliinunua duka la Mhindi pale Main Street mwaka wa uhuru, 1962, kwa akiba yake yote, na mkewe, alivyotusimulia, hakumsemesha wiki nzima.

Mwaka 1999 redio za valvu, zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista, hakuna aliyekuwa anazitaka tena. Kazi yetu ilikuwa redio kaseti zilizomeza mkanda na vispika vya kusikilizia FM. Kwa hiyo nilipofungua kile kifuniko cha nyuma niliingia kama mtu anayeingia nyumba ya wakwe: vumbi la miaka, mayai mawili ya mjusi yaliyokauka, na valvu zimesimama kwenye mstari kama chupa dukani. Nikawasha. Zikaanza kuwaka wekundu wao mdogo mmoja mmoja, na baada ya nusu dakika hivi sauti ikaja, nzito, ya kifua. Sikuwa nimewahi kusikia redio ikitoa sauti ya namna ile.

Dakika ya kumi na nane ikanyamaza. Valvu zote bado zinawaka. Nikajiambia, valvu zinawaka, basi si valvu.

Mbele redio ilikuwa na vitufe vya kuchagulia masafa, meno meupe kama ya piano. Nilipobonyeza cha masafa mafupi kilikwaruza. Hapo nikaamini nimeshamshika mwizi. Nikakata kipande cha msasa, nikakiingiza kwenye vile vibati vya shaba vinavyoteleza nyuma ya vitufe, nikasugua mpaka vikang'aa. Nilijisikia fundi kweli. Nikiwa hapo hapo na mikono miwili ndani, huku redio imetoka kuzimwa, kapasita kubwa, kile kikopo kinachohifadhi umeme, ikanipiga mkono mzima hadi begani, nikaangusha bisibisi. Umeme wa kwenye zile redio, baada ya kunyooshwa uende upande mmoja tu, unapita volti 200, na kapasita haijui kwamba umechomoa plagi.

Nilipoiwasha tena, masafa mafupi yalikuwa yamekufa kabisa. Yalisema tu nilipokandamiza kitufe kwa dole gumba kwa nguvu zote. Na baada ya dakika ishirini, kimya kilekile cha mwanzo. Sasa redio ya Babu ilikuwa na magonjwa mawili, moja ni langu. Niliifunika kanga yake nikaisukuma chini ya meza, na Jumamosi yote kila aliyepita mlangoni na kikohozi cha kizee moyo ulinilipuka.

Jumatatu Fundi akarudi. Ndiyo siku mwili wa Mwalimu ulipofika Dar es Salaam, na kibanda kizima kilikuwa kinazungumzia hilo. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Aliigeuza redio, akawasha tochi, akachungulia nyuma ya vitufe.

"Nani amepiga msasa hapa?"

Sikujibu. Hakukuwa na haja.

"Hapa palikuwa na fedha. Fedha yenyewe, ile ya pete. Wanaipaka nyembamba juu ya shaba ili umeme upite laini. Weusi ule ungetoka kwa spiriti na kikaratasi kigumu. Wewe umeifuta fedha ya watu." Akanyamaza kidogo. "Mnafikiri redio ya zamani inaumwa valvu. Ni kama mzee tu. Inaumwa viungo."

Nilikuja kukumbuka neno hilo mara nyingi, maana alikuwa na hakika nalo kuliko kitabu. Kila kinachosogea, kinachoshikana bila kuchomelewa, au kinachopata joto na kupoa kila siku, hapo ndipo alipoanzia. Soketi ya valvu ambayo springi zake zimelegea kwa joto. Kile kiplagi cha nyuma cha kuchagulia volti, kikicheza redio inafifia na kurudi. Tundu la spika ya nje, ambalo lina kibati cha kukata spika ya ndani, kikichafuka spika inanyamaza bila kosa lake, na transfoma ya kutoa sauti inabaki inasukuma pasipo na kitu, jambo linaloweza kuiua. Uzi unaovuta mshale wa stesheni nao hukatika, lakini huo, alisema, unaudhi tu, hauui.

Kisha akafanya kitu kilichonishangaza. Aliwasha redio, akaagiza chai, akakaa. Hakushika mita wala bisibisi.

"Shusha sauti mpaka mwisho. Unasikia nini?"

"Hakuna kitu, Fundi."

"Sogea."

Nikaweka sikio kwenye kitambaa cha spika. Kulikuwa na mvumo mdogo, kama nyuki mmoja aliyefungiwa kwenye kibuyu. Akanieleza: umeme wetu unakwenda mizunguko 50 kwa sekunde, ukinyooshwa pande zote mbili unakuwa 100, na kapasita hata iwe nzima haiwezi kuumeza wote. Huo mvumo unaingilia mwishoni mwa amplifaya, kwenye valvu kubwa inayosukuma spika.

Tukanywa chai. Tukangoja. Umeme nao ukakatika, maili mbili tatu tu kutoka kwenye mitambo inayouzalisha, jambo ambalo watu wa Jinja tulishazoea kulicheka. Uliporudi saa kumi redio ilikuwa imepoa, tukaanza upya. Dakika ya kumi na tisa, kimya.

"Sikio."

Nikaweka. "Kimya, Fundi."

"Mvumo?"

"Haupo."

"Basi ungekuwa ugonjwa uko mbele, kwenye vitufe vyako au kwenye voliumu, habari zingekatika lakini nyuki angebaki. Nyuki naye kaondoka. Mlango uliofungwa ni wa mwisho."

Mkono wa kushoto akautia mfukoni, ndivyo alivyofanya kazi zote za volti kubwa, na kwa wa kulia akaweka ncha ya mita kwenye anodi, sehemu inayopewa volti kubwa, ya ile valvu inayosukuma spika, EL84. Volti zilikuwa zimepanda. Mimi nilitegemea zishuke. Yeye akatikisa kichwa kama aliyetarajia: zikipanda, maana yake valvu haili. Nyuzi ndani yake zinawaka, lakini hakuna mkondo unaopita. Akachukua kijiti cha mwanzi, akaanza kugonga taratibu, valvu moja, ya pili, soketi. Alipogusa ukingo wa soketi ya EL84, redio ikapiga kelele ghafla, neno moja la Kiingereza la mtangazaji, ikafa tena.

Akazima. Akaimaliza nguvu kapasita kwa rezista, mara mbili, huku ananitazama. Akageuza ubao wa saketi, akanipa kioo cha kukuzia. Chini ya valvu ubao ulikuwa umegeuka rangi ya kahawa kwa joto la miaka 37. Kuzunguka pini ya tatu, ile ya kathodi ambayo mkondo wote wa valvu hupitia, kwenye risasi ya kuchomelea palikuwa na duara jembamba jeusi, jembamba kuliko unywele. Pini ilikuwa imesimama katikati ya shimo lake, haijagusa kitu. Ikipoa, vinagusana. Ikipata moto, ubao unatanuka, vinaachana.

Kazi ya kuchomelea ilichukua dakika mbili. Aliivuta risasi yote ya zamani, akakwangua pini, akaweka mpya. Spika haikunyamaza tena.

Kilichobaki kilikuwa vitufe vyangu, na mkwaruzo wa voliumu, ambao Babu hata hakuulalamikia. Vitufe vilimchukua jioni mbili kwa spiriti na koleo, anakunja vibati kimoja kimoja virudishe mkazo. Cha masafa mafupi kilikataa. Mwishowe akakibonyeza chini, akakikaza pembeni kwa njiti ya kiberiti iliyochongwa. "Hii ni sahihi yako," akaniambia.

Voliumu aliniachia mimi nifungue, labda kwa kunihurumia. Ndani ya kile kikopo kuna utepe mweusi wa kaboni uliopinda kama kiatu cha farasi, na kibrashi kinachotambaa juu yake unapozungusha. Nilitegemea utepe uliochakaa wote. Sivyo. Mwanzoni kabisa, karibu na kuzima, palikuwa na alama ya upana wa punje mbili za mchele, pamelika mpaka ubao wa chini unaonekana. Kuanzia hapo hadi mwisho utepe ulikuwa mweusi, laini, kama umetoka dukani jana.

Fundi alikiangalia muda mrefu. "Mwenye redio hii," akasema, "alikuwa anaogopa majirani."

Voliumu ya namna ile, yenye swichi nyuma yake na mhimili mrefu, hatukuipata Jinja yote. Tukaisafisha, tukaifunga hivyohivyo.

Ijumaa nilimpelekea Babu redio yake. Nikamweleza habari ya pini, nikamkiri habari ya msasa, naye hakusema kitu. Lakini nilipomwambia alichosema Fundi kuhusu voliumu, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akanisimulia. Vita vya Amin na Tanzania vilipoanza mwishoni mwa 1978, yeye mzaliwa wa Tanganyika katikati ya Jinja, aliihamishia redio sakafuni kando ya kitanda. Blanketi mlangoni, mkewe dirishani, na sauti kiasi cha kusikika na mtu aliyelalia ubavu. Radio Tanzania kila usiku, miezi ile yote, mpaka askari wa Tanzania walipoingia Jinja Aprili 1979. "Na baada ya hapo?" nikamuuliza. "Baada ya hapo mkono ulishazoea," akasema. "Na wakati haukuwa wa kumwamini kila mtu."

Jumamosi tarehe 23 Mwalimu alizikwa Butiama. Nilifika kwa Babu asubuhi nikakuta mkeka umetandikwa nje, wazee sita saba, wanawake upande wa jiko, birika la chai ya tangawizi. Redio ilikuwa juu ya stuli mlangoni. Njiti ya kiberiti ilikuwa mahali pake. Niliiangalia kuliko nilivyomwangalia mtu yeyote, nikiomba umeme usikatike.

Babu akawasha. Valvu zikachukua nusu dakika yao. Masafa mafupi yalikuwa yanapanda na kushuka, kama kawaida yake mchana, lakini Kiswahili cha Tanzania kilikuja, na nyuma yake kwaya. Mkono wa Babu ulikuwa bado kwenye kirungu cha voliumu, pale pale pa zamani, na redio ilikuwa inakwaruza. Mzee mmoja akasema hasikii. Mwingine akavuta kiti.

Babu akazungusha. Mkwaruzo ukaisha mara moja, kibrashi kimeingia kwenye utepe ambao hakikuwahi kuufikia, na sauti ikatoka safi hata mshale ukatetemeka kwenye kioo. Akaongeza. Mlango wa jirani ukafunguliwa, kisha wa pili. Mkewe akatokeza kichwa jikoni, mkono umejaa unga, akataka kusema kitu, akaacha.