Zamu ya usiku kwenye leza ya eksirei

Mnaouliza zamu ya usiku pale European XFEL, kituo cha leza ya eksirei karibu na Hamburg, Ujerumani, ilikuwaje: muda mwingi ni kukodolea macho skrini! Kituo kina urefu wa kilomita 3.4, karibu chote chini ya ardhi. Elektroni hukimbizwa humo hadi karibu na kasi ya mwanga, kisha safu ya sumaku huzipindisha huku na huku mpaka zitoe eksirei. Mpigo mmoja hudumu femtosekunde chache tu. Gawa sekunde moja kwa milioni, kisha kwa bilioni, ndiyo femtosekunde.

Utamu uko kwenye mbinu. Leza ya kawaida huichokoza molekuli kwanza, eksirei inafuata kupiga picha. Ukiongeza pengo kati ya mipigo hiyo miwili kidogo kidogo, unapata sinema ya atomi zikiachana. Sampuli, yaani hizo molekuli tunazozipiga, husambaratika kwa eksirei, ila picha imeshapatikana. Ndiyo maana sampuli mpya hurushwa kwa mchirizi mwembamba muda wote. Na mchirizi ukiziba (huziba, tena saa tisa usiku), miale yote hiyo inapita bure huku mnahangaika na kijibomba.

Data bado tunazichambua. Mwenye swali aulize.