Siku moja na make, latexmk na tasnifu inayowasilishwa kesho

Saa 2 asubuhi. Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu na tasnifu kwa LaTeX, programu inayogeuza maandishi yenye amri kuwa kurasa za PDF, hapa Sinza. Leo kuna mbili mezani: mwongozo wa hisabati wa sekondari, na tasnifu ya uzamivu inayotakiwa kuwasilishwa kesho. Kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, naandika make, programu inayoendesha hatua zote za kutengeneza PDF, nabonyeza Enter, naenda kumalizia chapati yangu.

Saa 3. PDF iko tayari. Kilichofanyika wakati natafuna si kidogo. LaTeX hairidhiki na mzunguko mmoja: wa kwanza inaandika namba za sura na kurasa kwenye faili la pembeni, mzunguko unaofuata ndipo inazisoma na kuzijaza kwenye yaliyomo. Katikati programu ya Biber lazima ipite kupanga marejeo. Ruka hatua moja tu, na msomaji atakuta alama mbili za kuuliza mahali pa namba ya jedwali.

Saa 4. Nagusa Makefile, faili lenye maelekezo ya make. Stuart Feldman aliitunga make pale Bell Labs mwaka 1976 kwa ajili ya watu wa programu, na kanuni yake haijabadilika: kama chanzo ni kipya kuliko kilichotokana nacho, tengeneza upya, kama sivyo, acha. Kwa grafu ni raha tupu. Data ikibadilika, hati ya R, lugha ya programu ya takwimu, inachora ile grafu moja na zingine haziguswi. Kwa kurasa zenyewe make inakwama, maana haina njia ya kujua LaTeX ipite mara ngapi. Ndiyo maana kurasa naikabidhi latexmk, programu inayoendesha LaTeX na kurudia mpaka namba zitulie. Wapo wanaoandika pdflatex, amri ya kuendesha LaTeX, mara tatu mfululizo ndani ya Makefile. Inaenda, ila mimi siipendi.

Saa 5. Jamaa mmoja wa kazi hii ananiuliza kwa nini make inalalamika kwamba kitenganishi hakipo. Makefile aliinakili kutoka kwenye meseji. Mstari wa amri lazima uanze na Tab, na yeye ana nafasi nane. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Saa 7 mchana. Mwenye tasnifu anafika na flashi, jasho linamtoka.

“Dada, nimesahihisha sura ya nne na ile data ya mvua.”

Nanakili kwa rsync, programu ya kunakili mafaili, naita make. Sura ya nne imebadilika, lakini grafu ya mvua ni ile ile ya jana. Naangalia tarehe ya faili la data: Januari 2009.

“Laptopu yako saa yake vipi?”

“Ah, betri ya ndani imekufa, dada. Nikizima nikiwasha inarudi 2009.”

Basi hapo. Latexmk hulinganisha yaliyomo ndani ya faili, ndiyo maana iliona sura mpya. Make huangalia tarehe tu, na rsync yangu hutunza tarehe ya asili, kwa hiyo data mpya ikaonekana kongwe kuliko grafu. Napitisha touch, amri inayolipa faili tarehe ya sasa, kwenye faili la data, naita make tena, grafu inachorwa upya na nguzo ya Aprili inapanda.

Saa 9. Mwongozo wa hisabati. Michoro ya jiometri ni mingi, kila mmoja na faili lake, naipitisha minne kwa pamoja kwa make -j4. Feni ya laptopu inalia.

Saa 11 jioni. Umeme unakatika. Nahamia barazani na betri.

Saa 12. Msimamizi ameona jina la mwandishi limekosewa kwenye marejeo. Narekebisha herufi moja, latexmk inaita Biber yenyewe, PDF mpya inaondoka kwa WhatsApp. Jibu linarudi hapo hapo: “Asante sana dada. Ila prof anaomba na ya Word.”

Nina kanuni ya hilo kwenye Makefile, inaita Pandoc, programu ya kugeuza hati kutoka muundo mmoja kwenda mwingine. Milinganyo itavuka salama. Majedwali yale yenye seli zilizounganishwa ndiyo yatakayonikesha.