Yungiyungi la Ruvu: nimefuta lebo 23

Ni lebo za picha zangu. Zote nilikuwa nimeziandika Nymphaea lotus, jina la kisayansi la yungiyungi jeupe, na zote si kweli.

Mabwawa ni yaleyale ya bonde la Ruvu ninayoyapita Jumamosi nikienda shamba. Lipo yungiyungi jeupe pale, na kwa miezi sita nimeliita lotus kwa sababu ni jeupe. Basi, hiyo tu! Juzi nikapanga picha kwa saa, moyo ukanipasuka: nyingi nilipiga kati ya saa sita na saa nane mchana, na ua limefunguka kama sahani. Lotus hufunguka jioni, jua likishapanda inajifumba. Saa nane ingekuwa imelala zamani.

Kumbe ni Nymphaea nouchali, la buluu tunalolijua sote. Ua lake hupauka kadiri linavyozeeka, na simu inamalizia: ikiona maji meusi inaongeza mwanga, petali zinaungua, buluu hafifu inatoka nyeupe pe. Sasa nagusa ua kwenye kioo na kushusha mwanga kabla ya kupiga. Programu ya kutambua mimea ndiyo usiniambie: mmea mmoja, picha tatu, majina matatu.

Ushahidi uko katikati ya ua. Stameni, yaani vijiti vya kiume vinavyobeba chavua, za nouchali zina kijincha kinachochomoza juu ya chavua, za lotus hazina. Kuandika ni rahisi! Siku ya kwanza stameni husimama kuzunguka kidimbwi cha majimaji, vijincha unavihesabu. Baadaye huinama na kukifunika, na picha ya kutokea juu inakupa fundo la njano tu. Nimekwenda mara nne kulivizia ua la siku ya kwanza. Mara ya tatu mzee anayevua kambare aliniuliza, "Mwanangu, ua lilelile bado hulijui?" Nikamwamkia tena, sikuwa na jibu.

Kifaa cha mwezi ni miwani ya jua ya mtumba, ile inayokata mng'ao. Ishike mbele ya lenzi, izungushe taratibu, na kingo za majani zinajitokeza majini. Kingine ni mwanzi wenye ndoano ya waya, wa kuinulia jani bila kulichuma.

Wiki hii nilipanga kutengeneza kadi ya rangi ya kulinganishia maua. Wapi! Mwanzi umeniletea balaa jipya: ua la buluu, jani lenye meno makali pembeni. Na meno ndiyo niliyokuwa nayategemea kuitambua lotus! Nadhani ni zanzibariensis, ambayo mtaalamu wa mimea Caspary aliipa jina mwaka 1877 kama spishi kamili, na leo wengi wanaiweka ndani ya nouchali. Ila jani la jirani yake lina mawimbi tu, na chini ya maji sioni kama shina ni moja au mawili.

Nimefunga uzi mwekundu kwenye vikonyo vitatu. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nipo pale na rula.